Waliokuwa Kilimani Hawakuhesabiwa

Siku ya kuniaga katika ofisi yetu ya takwimu nilipewa nafasi ya kusema neno. Ndiyo kwanza nilikuwa nimefika mahali penye maana, mshereheshaji akaninong'oneza kwamba chakula kinapoa. Nikaketi. Nikapigiwa makofi, nikakatiwa keki, nikavishwa shuka begani, na mkubwa wetu akasema nimeitumikia ofisi kwa uvumilivu. Uvumilivu! Nimekaa nyumbani mtaa wa Free Area miezi kadhaa nikilitafuna neno hilo, na kila nikilitafuna linazidi uchungu. Kwa hivyo yale niliyokatizwa nayaandika hapa, kwa ajili yenu vijana mliobaki na zile tableti, mnaozunguka Nakuru, Gilgil na Naivasha mkiwauliza wenye biashara kama wanatumia intaneti. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Hayo mtayauliza wenyewe na mtajibiwa vibaya wenyewe.

Nilipoanza kazi hii, intaneti ya Nakuru ilikuwa vyumba vya cyber juu ya maduka ya mjini. Unapanga foleni, unakalia kiti kilichovunjika mgongo, unasubiri ukurasa mmoja ufunguke huku mwenye cyber akikutazama kana kwamba wewe ndiye unayeuchelewesha. Ofisi ilitaka kujua biashara ndogo zinaitumiaje teknolojia hiyo, kama zinaitumia. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Barasa, mtu mrefu, mtoto wa fundi wa reli, aliyezaliwa hapa Nakuru na kuishi mtaa wa Section 58 hadi alipoaga dunia. Hakuwahi kukunja mikono ya shati hata jua liwake vipi. Alikuwa ameuliza watu maswali mengi maishani mwake kuliko hakimu, na kama hakimu, hakuamini jibu la kwanza.

Alinipeleka Free Area, kabla sijajua kwamba nitakuja kujenga huku. Nilikuwa na mkoba mpya, ubao wa kuandikia, na kitambulisho cha ofisi kinang'aa kifuani. Tukaingia buchari ya kwanza. Mwenyewe alikuwa anaongea kwenye simu, akaona kifua changu, na ile simu ikapotea chini ya kaunta kufumba na kufumbua. Nikamsomea swali la kwanza: je, biashara yako inatumia simu? Akasema hapana, hajawahi kuwa na simu, hayo ni mambo ya matajiri. Hapo hapo simu ikalia chini ya kaunta. Sote watatu tukaitazama kaunta. Yule bwana akaendelea kukata mbavu kama aliyekuwa peke yake duniani, nami nikaandika "hapana", kwa sababu ndivyo alivyojibu.

Tulipotoka nje Mzee Barasa aliniambia nivue kitambulisho. Alisema, "Ukiingia hivyo wewe ni mtu wa kodi. Salimia, keti, uliza biashara inaendeleaje, halafu unyamaze. Wacha yeye aongee mpaka achoke." Alikuwa na sheria zake nyingine ambazo hamtazikuta kwenye mwongozo wowote. Usinunue kitu kabla ya kuuliza, kwa sababu ukishanunua umekuwa mteja, na mteja hudanganywa kwa heshima zote. Tazama ukutani kabla ya kufungua mdomo: kuna chaja? Namba ya simu imepakwa rangi mlangoni? Na ukikuta duka limefungwa, usimwulize jirani kama mwenyewe yupo, maana hilo unaliona kwa macho. Mwulize ameenda wapi. Tulirudi kwa yule wa buchari wiki iliyofuata bila kitambulisho, na alituonyesha simu mbili.

Sasa niwaambie kuhusu fomu zenyewe, maana ndizo zilizonitia hasira kwanza. Zilikuwa zimetungwa mbali, na watu ambao nadhani hawajawahi kununua kitu kwenye duka lisilo na mlango wa kioo. Nilimwuliza mwuza makaa wa mtaa wa Pipeline kama ana mashine ya faksi. Nilimwuliza mama wa chapati kama biashara yake ina tovuti, akaniuliza kama hiyo inaliwa na chai au na maharagwe. Sikucheka wakati huo. Nilikuwa mpya, na niliogopa kucheka mbele ya mhojiwa.

Section 58 kulikuwa na fundi wa nguo aitwaye Pamela. Wateja wake walikuwa kila mahali, hata dada zetu waliokwenda kufanya kazi Uarabuni. Walimtumia vipimo kwa simu na picha za mitindo wanayotaka, naye akashona, akapiga picha, wakakubali, nguo zikasafiri. Nyumba nzima aliilisha kwa kazi hiyo. Nikafungua fomu. Swali: je, biashara ina kompyuta? Akasema hana. Fomu ikaniamuru: kama jibu ni hapana, ruka hadi sehemu ya mwisho. Sehemu ya mwisho ilikuwa ya idadi ya wafanyakazi na asante kwa muda wako. Pamela akanitazama nikikunja karatasi. Akaniuliza, "Si ulisema umekuja mambo ya internet? Mbona hujaniuliza ya internet?"

Nikayaandika yote pembeni mwa karatasi, mistari imebanana hadi kwenye kona. Mzee Barasa aliyaona jioni akatikisa kichwa. Pembeni hapachapwi, alisema, mwenye kuchapa anatazama visanduku tu. Miaka kwa miaka wenye simu tukawaruka, na ripoti zikatoka zikisema biashara ndogo za Bonde la Ufa ziko nyuma. Nilipiga kelele kwenye kila kikao. Hatimaye agizo lile la kuruka likaondolewa, na mtaalamu mmoja akaletwa kwenye hoteli nzuri kututangazia kwamba utafiti umegundua watu wa huku wanatumia intaneti kwa simu. Tulipiga makofi. Pamela hakualikwa.

Kisha zikaja tableti. Nilizipenda, siwezi kukana. Karatasi zetu zilikuwa zikinyeshewa Njoro na kupeperushwa Gilgil, na mara moja mbuzi wa Mai Mahiu alikula ukurasa mzima wa mauzo ambao mwenye duka alikuwa ameujibu kwa shida kubwa. Tableti hailiwi. Pia ilikuwa na kitu kipya: ilijua ulipo. Ukifungua fomu inanasa mahali uliposimama, na Nairobi wanaona kwenye ramani kama uko dukani au la. Sababu naijua vizuri. Kulikuwa na wenzetu waliokuwa wakijaza fomu wameketi hotelini, chai na mandazi mbele yao, wakijiuliza na kujijibu. Kwa hao, kufungwa kamba lilikuwa jambo la haki. Lakini kamba iliyofungiwa mwongo huwa inamfunga na mkweli, na mkweli hana mazoea ya kujifungua.

Raundi yangu kubwa ya karibu na mwisho ndiyo ninayotaka muisikie. Mimi nilikuwa msimamizi, na safari hiyo takwimu zetu zilikuwa na kazi maalumu. Kulikuwa na fungu la fedha za kujenga minara ya simu vijijini. Wenye fungu hawakutaka kubahatisha. Walisema mnara utaanzia pale ambapo biashara zinahangaika kutumia intaneti licha ya mtandao mbovu, kwa sababu hapo mnara hautakaa bure. Kituo cha maduka ambacho biashara zake hazitumii kingesubiri. Kwa maneno mengine, jibu la mwenye duka ndilo lililokuwa likiomba mnara. Sikuwahi kuona fomu yenye uzito kama ile, na nikawaambia hivyo vijana wangu.

Jedwali la kwanza likaja. Vituo vingi vilikuwa na mchanganyiko, wengine wanatumia, wengine hapana, kama maisha yalivyo. Ndabibi, kule magharibi ya Ziwa Naivasha, ilikuwa hapana kutoka juu hadi chini. Hakuna anayetuma oda, hakuna anayetafuta bei, hakuna anayetangaza bidhaa. Vijana walioenda huko walikuwa wazuri na waaminifu, na tableti ilionyesha walisimama kwenye milango yenyewe. Nikaweka sahihi, lakini nilibaki na kitu kinanisumbua. Watu hawafanani hivyo.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kununua minji kwa Mama Shiku, jirani yangu anayeuza mboga hapa Free Area. Nikamsifu kwamba njegere zake ni mbichi. Akafuta mkono kwenye leso, akatoa simu, akanionyesha picha ya magunia ya minji yamepangwa mbele ya ukuta wa mabati. "Hizi ni za jana. Kuna mama anaitwa Tabitha, ako Ndabibi, ana agrovet, duka la dawa za mifugo. Kila siku mchana ananitumia picha, nachagua, jioni zinapakiwa." Nilisimama pale na mfuko wangu, nikamwuliza mara mbili kama ana uhakika ni Ndabibi. Akaniuliza kama mboga zina tatizo.

Kesho yake nilikwenda, bila gari la ofisi. Nilifika kituoni adhuhuri, vumbi hadi kwenye kope. Nilikuta mstari wa maduka, na mengi yalikuwa yamefungwa kwa kufuli: agrovet, duka la spea za pikipiki, ofisi ndogo ya kikundi cha maziwa. Kati ya yale yaliyofungwa alikuwepo mzee mmoja anayeshona viatu kivulini, na kinyozi aliyelala kwenye kiti chake mwenyewe. Nikamsalimia mzee, nikaketi, nikamwuliza biashara inaendeleaje, nikanyamaza. Alipomaliza kuulalamikia uzi wa siku hizi, nikamwuliza mwenye agrovet ameenda wapi.

"Si kilimani," alisema. "Saa hii wote wako kilimani. Network haishuki huku, inaishia huko juu. Wanafunga, wanapanda, wanafanya mambo yao, wanarudi saa nane, saa tisa."

Nikamwuliza kama vijana wenye tableti walipita. Walipita, akasema, watoto wenye adabu. Walibisha kwa agrovet, wakazunguka, wakabisha tena, wakazunguka, wakabisha tena. Halafu wakamwuliza yeye. "Nikawaambia mimi sina hayo maneno ya internet. Si ni ukweli?" Nikamwambia ni ukweli mtupu, mzee. Hakuna aliyedanganya Ndabibi nzima. Hilo ndilo lililonitia wazimu.

Sikilizeni vizuri, maana kosa hili mtalirudia msipolielewa. Kanuni yetu inasema: biashara iliyochaguliwa ukiikuta imefungwa mara tatu, ibadilishe na jirani wa karibu aliye wazi. Haisemi mara tatu hizo ziwe saa ngapi. Gari letu linatoka Nakuru likishajazwa mafuta na karatasi yake ikishatiwa sahihi na watu ambao hawaji mapema. Ndabibi linafika adhuhuri, na linataka kuondoka mapema kwa sababu ya barabara. Kwa hivyo mara tatu zote ni mchana ule ule, wakati kila mwenye kutumia intaneti yuko kilimani akiitumia. Anayebaki chini ni yule asiyekuwa na shughuli nayo. Kanuni ilikuwa inawachambua watu kama mchele, inatupa mchele na kuhifadhi chuya, na kisha tunaandika kwamba gunia lote ni chuya.

Nikapanda. Magoti yangu hayakuwa na mpango huo, lakini nilipanda. Juu nilikuta watu wamesambaa kwenye mawe, kila mmoja amelielekea ziwa, simu mkononi, na kila jiwe lina mwenyewe. Tabitha alikuwa amevaa gamibuti na ameshika mwavuli ili jua lisimzuie kuona kioo cha simu. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, sauti ya chini, vidole vya haraka. Aliendelea kuandika huku akinisalimia. Asubuhi hupita kwa wakulima na kupiga picha za mazao, minji, viazi, kabichi. Adhuhuri anazipandisha kilimani, anawatumia wanunuzi wa Nakuru na hoteli za Naivasha, bei zinakubaliwa, jioni gari linapakia. Siku hiyo pia alikuwa na picha ya jicho la ndama lililovimba. Alimtumia daktari wa mifugo, akasubiri jibu, akaagiza dawa.

Nikamwuliza kama ameridhika na kazi ile. Alicheka kidogo tu.

"Mathe, mama yangu, mimi nafunga duka ndio nifanye kazi. Nikishuka nakuta customer ashaenda. Mvua ikinyesha hii kilima hatupandi, na mboga inaoza. Tumesikia kuna mnara inakuja. Ikikuja, sawa. Msimu huu ukiisha bila hiyo mnara, mimi nahamia Naivasha. Na hawa wakulima watarudi kwa broker, awaambie bei hapo kwa gate, wachukue wanyamaze."

Sikumwambia papo hapo kwamba jedwali limeshamwondoa. Nilimwambia nitarudi na tableti.

Ofisini nilieleza, nikaeleza tena, hadi nikapewa ruhusa ya kuwafungua upya wale waliokuwa wamebadilishwa. Nilifurahi kama mjinga. Kwa mfumo wetu, biashara ikishabadilishwa fomu yake inajifunga, na kuifungua kunahitaji idhini inayotumwa kutoka Nairobi hadi kwenye tableti. Inatumwa kwa intaneti. Sikungoja gari la ofisi, nikasimama mbele ya agrovet ya Tabitha asubuhi na mapema, kabla hajaenda kwa wakulima, yeye mwenyewe kando yangu, mlango wazi, dawa za mifugo zimepangwa nyuma yake, na tableti ikazungusha duara lake hadi macho yakanichoka. Idhini haikuingia. Ingeingia wapi? Tulikuwa tumekuja kuandika kwamba hapo hakuna mtandao, na tulihitaji mtandao ili tuliandike.

Basi adhuhuri tukapanda wote. Kilimani idhini iliingia mara moja, fomu zikafunguka, na zilipofunguka zikanasa mahali tuliposimama. Alama nyekundu ikatokea: hupo kwenye biashara. Nilijua ingetokea. Kuna nafasi ya maelezo chini ya fomu, na nilieleza kwa herufi kubwa, kila fomu, kwamba biashara hizi hufanyia kazi zao za intaneti hapa kwa sababu chini hakuna mtandao. Nikawahoji mmoja mmoja. Tabitha alijibu maswali yote, hata yale ya kipumbavu, na kila jibu aliloweza kulionyesha alilionyesha. Nilishuka kilima nikijiona nimefanya kazi kuliko siku zote za maisha yangu.

Simu ilikuja baadaye kutoka kwa kijana wa Nairobi aliyesimamia usafi wa data. Nitamwita Daktari, kwa kuwa alipenda kuitwa hivyo.

"Madam, hizi interview zako za Ndabibi zote ziko point moja," alisema. "Na hiyo point haina biashara. Ni kilima."

"Najua ni kilima. Mimi ndiye nilikuwa juu yake."

"Sasa system itajuaje hukukaa mahali pamoja ukajaza?"

Kazi yote hii, tangu buchari ya Free Area, na mtoto ambaye nilianza kuuliza watu maswali kabla hajavaa sare ya shule ananiambia kwa upole kwamba nimebuni watu. Nikamwambia asome maelezo. Akasema mfumo hausomi maelezo, na yeye ana fomu za nchi nzima. Nikamwambia nitamtumia picha za watu wenyewe. Akasema picha si sehemu ya utaratibu. Nikamwuliza, kwa utaratibu huo, mahali pasipo na mtandao patahesabiwa vipi? Akasema hilo ni swali zuri, niliandike kwenye mapendekezo ya raundi ijayo.

Nililiandika. Nikamwandikia mkubwa wangu, nikamwandikia mkubwa wake, nikaenda hadi mlangoni kwa mmoja wao akaniambia data imeshasafishwa na ripoti ina tarehe. Kusafishwa, ndivyo wanavyosema. Walimfuta Tabitha na mwenye spea na kikundi cha maziwa, wakawarudisha mshona viatu na kinyozi, wakaita hiyo ni safi. Mimi nimefua nguo za watoto watano. Najua kusafisha ni nini, na nguo huwa inabaki.

Minara ikatangazwa kwenye mkutano wa hadhara. Ndabibi haikuwemo. Ilielezwa kwamba mahitaji yake bado ni madogo. Niliinua mkono hadi bega likauma, mwenyekiti akasema maswali yote yawasilishwe kwa maandishi. Nilikuwa nimeshayawasilisha. Nilitoka nje nikasimama juani nikijisemesha peke yangu, mtu mzima, mbele ya madereva.

Tabitha sikutaka asikie kwa redio. Nilikwenda mwenyewe, nikakuta kufuli mlangoni, nikapanda. Alikuwa kwenye jiwe lake. Nilimwambia moja kwa moja kwamba mnara hauji, na kwamba majibu yake yalifutwa. Nilingoja anitukane, ningemwona ana haki. Alifunga mwavuli, akaniuliza majibu yalifutwa kwa nini. Nikamwambia: kwa sababu uliyatoa hapa, si dukani.

Aliwatazama wenzake kwenye mawe yao, halafu akanitazama mimi.

"Lakini duka ni stoo tu," alisema. "Biashara iko hapa."

Simu yake ikaita, mnunuzi wa Nakuru, akanipa mgongo kuelekea ziwani ili sauti isikatike, akaanza kusema bei ya viazi kwa ile sauti yake ya chini. Nikasubiri amalize. Ikaingia nyingine. Baadaye nikashuka peke yangu, na hasira niliyoshuka nayo ndiyo hii mnayoisoma.

Nanyi mliobaki, nawaomba jambo moja la kazi. Mkifika kituoni mchana mkute milango kadhaa imefungwa kwa pamoja, msikimbilie kwa jirani. Ulizeni wamekwenda wapi, kisha muwafuate huko hata kama ni juu. Alama ikiwa nyekundu, iacheni iwe nyekundu, na mpige kelele hadi mtu wa Nairobi apande na viatu vyake. Msivumilie. Mimi wamenisifu kwa kuvumilia, na mnaona nimebaki na nini.

Tabitha alihamia Naivasha msimu ulipoisha, kama alivyosema, na wenzake wa kilimani wakamfuata mmoja mmoja. Wakulima wakarudi kwa mabroka, madalali wa kwenye geti. Raundi ya mwisho kabla sijastaafu, vijana wangu walikwenda Ndabibi tena adhuhuri, na safari hii waliikuta ile agrovet iko wazi. Ndani kulikuwa na bwana mmoja anayeuza makaa. Walisimama mlangoni pake, alama ikawa kijani, wakamwuliza kama biashara yake inatumia intaneti. Akasema hapana, ya nini? Daktari akanipigia simu kunipongeza kwamba fomu za Ndabibi zimepita zote bila dosari. Nilizipitia moja moja nikitafuta kosa, nikitamani kosa, na sikulipata. Jedwali lilisema Ndabibi haitumii intaneti, na sasa lilikuwa linasema kweli.